Mahali Ambapo Jangwa Hukutana na Bahari

Wengi wetu tukisikia neno jangwa, mawazo huenda moja kwa moja kwenye jua kali, ngamia na mchanga unaounguza nyayo. Jangwa la Namib halifanani na picha hiyo. Ukingoni mwake, kwenye pwani ya Namibia, mtu huamka asubuhi akitafuta sweta. Kanga uliyoianika jioni utaikuta ingali mbichi, na vioo vya madirisha vinatiririka matone, ingawa mvua haijanyesha kwa miezi mingi. Panda juu ya kilima cha mchanga uelekee kaskazini: upande wa kushoto utaona Bahari ya Atlantiki ikipiga mawimbi meupe, na upande wa kulia mchanga unaendelea mpaka macho yachoke.

Tulikwenda huko tukiwa akina mama sita kutoka Mkoa wa Dodoma, kwa mwaliko wa ushirika wa akina mama wenzetu wa Namibia. Mikutano ilifanyika Windhoek. Ilipokwisha, tuliongeza siku nne kwa fedha tulizokuwa tumechangishana kidogo kidogo kwa mwaka mzima, tukapanda gari kuelekea pwani, mwendo wa kilometa 360 hivi hadi mji wa Swakopmund. Wawili kati yetu ni wauguzi, watatu ni walimu, na mmoja ni mkubwa wetu, mwenye wajukuu tisa. Huyo sote tulimwita Bibi.

Tunaandika haya kwa ajili ya akina mama wengine kwa sababu tulirudi na mambo mawili. La kwanza ni uzuri ambao hatukuutarajia. La pili ni somo la afya ambalo nusura litugharimu sana.

Kwa nini jangwa liko ufukweni?

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kwamba penye bahari pana mvua, minazi na joto. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Swakopmund, ambayo nayo ni mji wa pwani, hupata chini ya milimita 25. Tofauti hiyo inatokana na bahari yenyewe.

Kando ya pwani ya Namibia hupita mkondo wa maji baridi uitwao Benguela, unaotoka kusini kwenda kaskazini. Upepo huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, na hewa iliyopoa haipandi juu kufanya mawingu ya mvua. Badala yake hugeuka kuwa ukungu mzito, ambao upepo huuingiza jangwani hata kilometa 50 kutoka ufukweni.

Huo ukungu ndio kisima cha jangwa. Kuna mbawakawa mdogo mweusi ambaye alfajiri hupanda hadi kileleni mwa kilima cha mchanga, akainamisha kichwa na kuinua makalio kuelekea upepo utokao baharini. Ukungu hujikusanya mgongoni mwake kuwa matone, nayo hutiririka hadi kinywani. Hivyo ndivyo anavyokunywa. Wako pia choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki, ambao huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, wakiridhika na unyevu wa majani wanayokula. Kituo cha utafiti cha Gobabeb, kilichoanzishwa mwaka 1962 kando ya Mto Kuiseb, kimetumia miaka mingi kuchunguza maisha ya viumbe hawa.

Namib inaenea kwa kilometa 2,000 hivi, kutoka kusini mwa Angola, kupitia Namibia yote, hadi Afrika Kusini. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa majangwa makongwe kabisa duniani. Mwaka 2013 sehemu yake ya bahari ya mchanga iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Eneo tulilotembelea liko chini ya hifadhi za taifa mbili zinazopakana: Namib-Naukluft, na Dorob iliyotangazwa mwaka 2010.

Heroe, na mama aliyeijua Kongwa

Siku ya kwanza tulikwenda Walvis Bay, mji wa bandari ulio kilometa 30 hivi kusini mwa Swakopmund. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, lakini mji huo ulibaki mikononi mwa Afrika Kusini hadi mwaka 1994. Kando ya mji kuna wangwa mpana wa maji ya chumvi. Maji yalipokupwa, tuliona heroe kwa maelfu wakitembea taratibu kwenye tope, vichwa vimepinduliwa chini, wakichuja chakula chao. Mwaka 1995 wangwa huo uliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar, pamoja na ghuba ya Sandwich Harbour iliyo kusini zaidi.

Mmoja wetu alisema, "Hawa si ni wale wale wa Ziwa Natron?" Aina ni ile ile. Hata hivyo heroe wa kusini hawaji kwetu kuzaa. Wao hutaga hasa kwenye mabonde ya chumvi ya Makgadikgadi huko Botswana, na katika miaka ya mvua nyingi hutaga Etosha. Wakimaliza kulea, hurudi pwani kula.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa miaka sabini na kitu. Akina mama wa huko huitwa Meme kwa heshima, nasi tukamwita hivyo. Tulipomwambia tumetoka Dodoma, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kongwa ni mbali na kwenu?" Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wa SWAPO waliokaa katika kambi ya Kongwa, ambayo ilifunguliwa mwaka 1964. Bibi alimjibu kwamba yeye ameolewa karibu na Kongwa. Meme akamshika mikono yote miwili. Tangu hapo hawakuachana. Kila tulikokwenda walikaa kiti kimoja.

Jioni Meme alitupeleka ukingoni mwa mji wa Swakopmund, nyuma ya makaburi ya mji. Huko kuna vichuguu vidogo vya mchanga, mamia kwa mamia, visivyo na majina. Ni makaburi ya Waherero na Wanama waliokufa katika kambi za Wajerumani miaka ya 1904 hadi 1908, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya kimbari. Sisi tunaotoka nchi iliyopitia vita vya Majimaji kati ya mwaka 1905 na 1907 hatukuhitaji maelezo mengi. Tulisimama kimya. Meme aliinama akaokota kipande cha plastiki kilichopeperushwa na upepo hadi juu ya kaburi moja, akakiweka mkobani.

Majani mawili kwa miaka elfu

Siku ya pili tuliingia Namib-Naukluft kwa njia iitwayo Welwitschia Drive, mashariki mwa Swakopmund. Kibali hupatikana mjini kabla ya kwenda, kwa kuwa porini hakuna wa kukuuzia. Dereva wetu alikuwa mtoto wa Meme, kijana mpole mwenye maneno machache. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulipofika kwenye kituo cha kutazamia bonde la Mto Swakop, hatukuona chochote. "Tutarudi mchana," alisema, tukaendelea mbele.

Kando ya njia kuna mawe yenye namba, na kila jiwe lina jambo la kutazama. Katika jiwe mojawapo tulioneshwa kitu ambacho kwa mbali kilifanana na ukoga uliokauka juu ya changarawe. Ni likeni, kiumbe hai kinachokua polepole mno na kuishi kwa kunywa ukungu. Mwenzetu alidondoshea maji kidogo kutoka kwenye chupa. Mbele ya macho yetu vijani vile vilivyokunjamana vikafunguka na kubadilika rangi.

Mahali pengine tuliona alama mbili zilizonyooka zikipita katikati ya changarawe. Ni alama za magari ya kukokotwa na ng'ombe yaliyopita hapo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwetu Dodoma alama ya tairi hufutwa na mvua ya kwanza. Huku hakuna mvua ya kuifuta, na likeni iliyopondwa huchukua miongo mingi kuota tena. Ndiyo maana ni marufuku gari kuacha njia, hata kwa hatua chache. Karibu na ufukwe sababu nyingine ni ndege mdogo aitwaye buabua wa Damara. Yeye hutaga yai moja tu, tena juu ya changarawe tupu, lenye rangi kama mawe. Dereva anayetafuta mchezo wa kukimbiza gari kwenye tambarare anaweza kulipita yai hilo asijue kabisa.

Kisha tukafika kwenye mimea yenyewe ya welwitschia. Kwa mtazamo wa kwanza ni kama lundo la majani ya mgomba yaliyochanika na kutupwa. Kumbe kila mmea una majani mawili tu, yale yale tangu ulipoota hadi utakapokufa. Majani hayo hayapukutiki. Huendelea kurefuka kutoka shinani, huku upepo ukiyachana ncha kuwa nyuzinyuzi. Kuna mmea wa kike na wa kiume. Mingine imekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mkubwa ulio mwisho wa njia hiyo umezungushiwa uzio ili watu wasikanyage mizizi yake. Jina lake linatokana na Friedrich Welwitsch, aliyeukuta mmea huo Angola mwaka 1859, na leo picha yake imo katika nembo ya taifa la Namibia.

Bibi aliuzunguka uzio ule mara mbili, halafu akasema, "Huyu amevumilia." Hatukujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akivumilia jambo jingine.

Kiu isiyosikika

Saa tisa alasiri tulirudi kwenye kituo cha kutazamia. Ukungu ulikuwa umeondoka. Chini yetu kulifunguka mabonde na vilima vya kijivu, visivyo na mti wala nyasi, vimekatwakatwa na maji ya zamani kana kwamba kuna mtu aliyeikunja ardhi kama shuka. Wenyeji hupaita nchi ya mwezini. Upepo baridi ulivuma kutoka baharini na sote tulikuwa tumejifunga vitenge mabegani.

Bibi alisimama hatua chache kutoka ukingoni. Tulimwona akishika kichwa, kisha magoti yakalegea. Wawili tuliokuwa karibu tulimdaka na kumketisha, tukamsogeza mbali na ukingo.

Tulimlaza kwenye kivuli cha gari, tukamwinua miguu juu ya mkoba. Midomo ilikuwa imekauka, ulimi umekauka, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka na dhaifu. Kipimo chetu kilionesha shinikizo la damu 92 kwa 58, na sisi tulijua kwamba kwa kawaida yeye huwa 140 na kitu. Alikuwa na fahamu, aliongea na aliweza kumeza. Tulimuuliza mara ya mwisho alikunywa maji saa ngapi. Hakujibu. Tulimuuliza mara ya mwisho alikwenda haja ndogo saa ngapi. Akasema, "Hotelini, asubuhi."

Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa. Hakuwa ameigusa.

Tulichanganya pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, tukampa kwa mafundo madogo madogo, kila baada ya dakika moja au mbili. Baada ya dakika 40 hivi shinikizo lilipanda, mikono ikapata joto, akaanza kuulizia viatu vyake. Jioni ile ile tulimpeleka hospitali mjini, daktari akampima na kumruhusu kurudi kulala.

Usiku, tukiwa sisi wanawake peke yetu, alitueleza. Asubuhi alikuwa amemeza dawa yake ya shinikizo la damu, ile ya aina inayoongeza mkojo. Akajua kwamba akinywa maji atahitaji kujisaidia, na jangwa halina kichaka. "Ningemwambiaje yule kijana asimamishe gari?" alisema. "Ni sawa na mjukuu wangu. Niliona haya." Kwa hiyo akaamua asinywe kabisa.

Akina mama, tuseme ukweli. Wangapi kati yetu tumefanya hivyo kwenye basi la mikoani? Tunajinyima maji kuanzia alfajiri kwa sababu hatujui basi litasimama wapi, au choo cha huko kitakuwaje, au kondakta atasema nini. Wajawazito hufanya hivyo. Wanaonyonyesha hufanya hivyo. Wazee wetu hufanya hivyo zaidi, na mwili wa mtu mzima huchelewa kuhisi kiu.

Jangwa la pwani huzidisha hatari hiyo kwa namna ya hila. Kwenye joto kali mtu hutoka jasho, nguo hulowa, akakumbuka maji. Penye upepo wa baridi na mkavu jasho hukauka kabla hujaliona. Mwili unapoteza maji nawe unajiona huna shida. Usiingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu iliyofifia, uko salama, ukigeuka kuwa wa rangi ya chai, umechelewa. Kizunguzungu unaposimama, kinywa kukauka, kuumwa kichwa na mapigo kwenda mbio ni dalili za kutopuuzwa.

Kama pakiti za dukani hazipo, chukua lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke, umpe mgonjwa kidogo kidogo. Chumvi isizidi. Mtu asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote. Mlaze kwa ubavu, umfikishe hospitali upesi. Wale wanaotumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au moyo wasiziache kwa sababu ya safari. Wamwone daktari au muuguzi kabla ya kuondoka, wamweleze wanakokwenda na saa za kukaa njiani.

Kesho yake tulipanga utaratibu mpya. Meme alizungumza na mwanawe kwa lugha yao, maneno mawili matatu tu, naye akaitikia kwa kichwa. Kila baada ya saa moja na nusu gari lilisimama mahali panaporuhusiwa, kijana akatembea mbele kutazama bahari, nasi tukashika kanga nne pande zote nyuma ya gari. Choo kikapatikana. Karatasi zote tulizitia kwenye mfuko tukarudi nazo mjini, kwa maana katika nchi kavu kama ile karatasi haiozi. Bibi alikuwa wa kwanza kutumia kanga zile, na wa kwanza kucheka.

Mama na mwanawe kati ya maelfu

Siku ya tatu tulikwenda Cape Cross, kilometa 120 hivi kaskazini mwa Swakopmund. Ni hapo baharia Mreno Diogo Cão alipofika mwaka 1486 na kusimamisha msalaba wa jiwe kwa heshima ya mfalme wake. Wajerumani waliuchukua mwaka 1893. Mwaka 2019 makumbusho ya Berlin yaliyokuwa nao yalitangaza kwamba yataurudisha Namibia. Pale pwani imesimamishwa mifano yake.

Lakini watu huenda Cape Cross kwa ajili ya sili. Kabla hatujawaona tuliwasikia, na kabla hatujawasikia tuliwanusa. Tusiwafiche, harufu ni kali mno, na mmoja wetu alijifunga mtandio puani muda wote. Kisha tukapanda kwenye njia iliyoinuliwa, tukawaona: makumi ya maelfu, wamelala juu ya miamba, mchangani na kwenye maji, wakilia kama mbuzi na ng'ombe waliochanganywa katika zizi moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, wakati wa kuzaa. Madume makubwa hufika Oktoba na kugombania nafasi. Majike hufuata, na kila mmoja huzaa mtoto mmoja mweusi kati ya Novemba na Desemba. Siku chache baada ya kujifungua jike hupandwa tena. Hata hivyo kijusi husubiri miezi kadhaa kabla ya kujishikiza kwenye tumbo la uzazi, ili mtoto anayefuata azaliwe tena msimu ule ule. Sisi wauguzi tulilizungumza jambo hilo njia nzima.

Kilichotushika zaidi ni jinsi mama anavyompata mwanawe. Baada ya siku za kwanza za kunyonyesha, jike hulazimika kwenda baharini kutafuta samaki, na huweza kukaa huko siku kadhaa. Mtoto hubaki katika kundi la watoto wenzake, akiwa na njaa. Mama akirudi, hutoka majini akiita. Watoto wengi huitikia, lakini yeye hutambua sauti ya wake tu, na akimfikia humnusa kuhakikisha. Mtoto wa mwingine akijisogeza kunyonya, hung'atwa na kusukumwa mbali. Tulimtazama jike mmoja kwa karibu nusu saa, akipanda na kushuka miamba, akiita. Hatimaye kitoto kimoja kikaja kikijikokota kutoka nyuma ya jiwe. Alikinusa, akalala chali, kikaanza kunyonya. Tulisikia Bibi na Meme wakipumua kwa pamoja.

Si wote wanaobahatika. Tuliona maiti za vitoto, na bweha wakizunguka pembeni. Mwaka 2020, karibu na Walvis Bay, maelfu ya vijusi vilivyotoka kabla ya wakati vilikutwa ufukweni, na ukosefu wa chakula baharini ulidhaniwa kuwa chanzo, kwa kuwa jike mwenye njaa huharibu mimba. Namibia pia imekuwa ikiruhusu uvunaji wa sili kila mwaka kwa ajili ya ngozi na mafuta, jambo ambalo watu hubishana sana juu yake. Mgeni ana wajibu wake mdogo: asipige kelele, asiruke ukuta, asirushe kitu. Sili wakishtuka hukimbilia majini kwa pamoja, na watoto hukanyagwa.

Tena kuna jambo la afya. Mwaka 2024 ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa kwa sili wa pwani ya Afrika Kusini. Mtoto asiruhusiwe kumgusa sili, hata akimwona amelala ufukweni kwa upole. Atakayeng'atwa na sili, bweha au mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kwa familia inayokusudia kusafiri

Tunajua kwamba wasomaji wengi hawatafika Namibia. Kwa watakaoweza, chukueni nguo nzito za asubuhi na nyepesi za mchana, kofia, na mafuta ya midomo. Msiogelee ovyo, maji ni baridi na yana mkondo. Sandwich Harbour, ambako vilima vya mchanga vinaingia baharini, msiende bila mwongoza wageni anayejua saa za kujaa na kupwa kwa maji. Magari yamewahi kunaswa huko. Katika kila kituo cha kutazamia mshikeni mtoto mkono, kwa kuwa kingo nyingi hazina uzio.

Kwa walio wengi, safari ni ya Saadani, Mikumi au Ngorongoro pamoja na wanafunzi au ushirika, au ni ya basi kwenda kumzika ndugu mkoa wa mbali. Yaliyompata Bibi yanaweza kumpata mtu yeyote katika safari hizo. Hesabuni lita mbili za maji hadi tatu kwa kila mtu mzima kwa siku. Wekeni pakiti mbili za chumvi ya maji mkobani pamoja na kanga mbili za ziada. Baba wa familia au dereva aambiwe mapema, mbele ya wote, kwamba gari litasimama kila baada ya saa mbili. Mambo yakiwa yametamkwa tangu mwanzo, hakuna mama wala bibi atakayelazimika kuomba.

Kwa hiyo, mama, siku mtakapokaa kupanga safari, kabla ya kuuliza nauli na chakula, ulizeni kwanza: tutasimama wapi? Ulizeni kwa sauti, hata wanaume wakiwapo.